Maana Niliyomnyima Habiba

Kaa nikusimulie jambo ambalo bado linanisuta. Juzi sokoni Garsen nilinusa maziwa yaliyofukizwa moshi, nikamkumbuka Habiba, binti wa wafugaji niliyekaa naye dawati moja.

Alasiri moja, kabla ya mtihani wa Kiingereza, alinimiminia maziwa kutoka kibuyu chake.

“Nieleze maana ya ‘look after’ na maneno mengine ya aina hiyo,” akasema. “Usinifiche, shoga, maziwa yangu umekunywa. Nikifeli, baba ananirudisha kwa ng’ombe.”

Nilijua maana zote. Ila nilidhani nikimgawia, nafasi yangu ya kwanza darasani itaondoka.

“‘Look’ ni kutazama, ‘after’ ni baadaye,” nikamwambia. “Tazama baadaye. Hayo mengine fanya vivyo hivyo.”

“Una akili wewe,” akasema, akaniongezea maziwa.

Alifeli. Muhula uliofuata dawati lilikuwa langu peke yangu, nami nikajiambia kwamba alipenda ng’ombe kuliko vitabu.

‘Look after’, maneno yote mawili kwa pamoja, maana yake ni kutunza, kazi aliyowafanyia ndama kila jioni. Angelielewa mara moja.

Sasa nafundisha Kiingereza. Mtoto akikuuliza neno la namna hiyo, usimkatie vipande. Mpe maana nzima, mtungie sentensi moja kutokana na kazi za kwao, kisha msubiri atunge yake.