Soda za Kumpa Mama Pole

Kinyaa changu na soda kilianzia bafuni. Nilikuwa nimetoka mjini Bariadi kwenda Ngulyati kumsalimia mama, nikaingia kuoga kwenye uzio wa mabua nyuma ya nyumba, nikakuta sisimizi wamejipanga kutoka kwenye nyasi hadi pale mama anapokojoa usiku akiogopa kwenda mbali. Walikuwa wamejaa pale, wanalamba udongo. Nikamwita, nikamwonyesha. Akacheka tu. "Hao wanapenda unyevunyevu." Unyevunyevu! Ndoo ya maji ilikuwa hapo hapo na hakuna sisimizi hata mmoja aliyehangaika nayo. Nilitema mate, nikaacha kuoga.

Nikampeleka hospitali, wakampima, wakasema sukari iko juu sana. Nesi akamweleza taratibu kwa Kisukuma, maana Kiswahili cha mama ni cha sokoni: soda basi, chai isiwe na sukari, ugali kidogo, mlenda na mboga kwa wingi. Mama aliitikia kila neno. "Wabeja, mwanangu, wabeja," akashukuru kwa unyenyekevu wote, nami kwa ujinga wangu nikaamini yameisha.

Yaishe wapi! Kwetu mgeni hapewi kinywaji akaachwa anywe peke yake. Mwenye nyumba anafungua mbele ya macho yake, anaonja kwanza, ndipo mgeni anakunywa, aone kwamba hakuna kitu kilichotiwa. Enzi za bibi yalikuwa maziwa mgando. Siku hizi ni soda, imefungwa kiwandani, na mama bado anaonja. Tena haonji, anamaliza chupa. Na anayekwenda kumwona mgonjwa naye hubeba soda, na mgonjwa akiikataa, ni sawa na kumwambia, "Umeniwekea kitu." Kijijini neno hilo si la mchezo, ni kumwita mtu mchawi. Mwanamke mzee akishasemwa hivyo, hata moto wa kuazima jirani hapati.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Mama alikuwa mnene, unene wa soda na maandazi, na watu wote walimsifu kwamba amenawiri. Sukari ilipomkamata akakonda, magauni yakampwaya. Ndugu kuona vile, kila aliyekuja kumpa pole akaja na soda za kumrudishia mwili! Mtu anaumwa sukari, wanamletea sukari, na wanashukuriwa.

Kinara wao alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayempenda mama kuliko ndugu zake wa damu. Siku moja nilimkuta amemimina soda nyeusi kwenye jagi, anakamulia nyanya ya pakiti, anakoroga kwa mwiko. Likapanda povu la rangi ya matope na damu, likafurika mezani, nzi wakashuka.

"Shangazi, huyu ana sukari."

"Ana sukari, lakini hana damu. Hebu mwangalie alivyokauka!"

Mama akanywa. Povu likambaki juu ya mdomo, akacheua, chumba kizima kikanuka utamu uliochacha. Nilitoka mbio nje.

Nikajifanya mjanja. Nikanunua mjini soda za kopo, zile zisizo na sukari, nikampelekea ili awe anakunywa hizo na wageni wake. Nami nilikuwa nakunywa hizo hizo ofisini nipungue, nikijisifu nimeacha sukari huku nashushia chapati na sambusa, na sketi zangu zote zilikuwa zinanibana. Mama akaonja, akakunja uso. "Hii dawa gani?" Shangazi hakuchelewa, akatia kijiko cha sukari ndani ya kikombe, povu likaruka mpaka kifuani kwake. Wakacheka wawili hao mpaka machozi! Kuanzia hapo mama akaipa jina la soda ya dawa, na kwa kuwa ameshakunywa dawa, akaona wali na maandazi sasa ni ruksa. Nilipomlalamikia nesi akaniambia hivi: sukari haimo humo, sawa, lakini ulimi wake unabaki unadai utamu ule ule. Mzoeshe maji.

Kabla hajazoea maji alikanyaga kisiki cha pamba shambani, na hakusikia maumivu. Aliendelea na kazi zake huku kidole kinaoza ndani ya kandambili. Nilipokuja kumfungua kitambaa alichokizungushia kidole, nasema ukweli, ni mama yangu aliyenizaa na nilitaka kukimbia. Usaha ulikuwa unanuka utamu. Wakamkata kidole pale mjini, na daktari akatuambia waziwazi: sukari isiposhuka, mguu unaondoka.

Jioni ya pili, shangazi akaingia wodini na kikapu. Ndani yake soda. Hata hakunisalimia, alikuwa anafuta machozi huku anafungua chupa, akaonja, akamnyooshea mama. Jamani! Nilimnyang'anya. Nikaenda hadi kwenye sinki mwisho wa wodi, nikaimwaga yote, ikabubujika mle na kuacha ukoko wa povu kuzunguka tundu.

Niligeuka. Wagonjwa na wageni wao wote walikuwa wanamwangalia shangazi. Yeye alisimama palepale, kizibo mkononi.

"Kumbe ndivyo mnavyoniwazia," akasema.

Mama akajiinua kwa viwiko. "Wifi, kaa. Nipe nyingine."

"Mama, mguu!"

"Mguu ni wangu." Akateremsha sauti, akaniambia, "Huyu akitoka hapa hivi, kesho watasema ndiye aliyenila kidole. Ataishi wapi?"

Akapokea chupa. Akainywa mbele ya wodi nzima, polepole, mpaka tone la mwisho, kisha akacheua kwa nguvu ili hata wa kitanda cha mbali asikie. Watu wakarudi kwenye mazungumzo yao. Niliichukia chupa ile, nikawachukia wote mle ndani, na nilishindwa kumchukia shangazi.

Hakuishia kwenye hiyo. Kila mgeni wa kijijini aliyekuja alimletea yake, na baada ya yale niliyoyafanya, mama hakuthubutu kukataa hata moja. Mguu ulikatwa chini ya goti kabla pamba haijavunwa. Shangazi amehamia kwake, ndiye anayemwogesha na kumbeba kumtoa nje, na hakuna mtu Ngulyati aliyewahi kumsema.