Fundi Amekwenda Kuswali

Nilianguka kutoka juu ya nyumba ya mteja. Ningependa kusema nilikuwa naokoa mtu, lakini nilikuwa natafuta picha ya mpira.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu tulivyozoea kuvisikia kwa wasafiri vilianza kupita Ngarenaro juu ya mikokoteni: friji, redio za kaseti zenye spika mbili, televisheni kutoka Dubai zikiwa bado kwenye maboksi. Mimi nilikuwa fundi redio mwenye kibanda cha mbao. Watu walipoanza kununua televisheni nikajitangaza kuwa fundi wa antena pia, kwa elimu ya kutazama za wenzangu zilivyofungwa. Wakati huo tulikuwa tunaitafuta Kenya, maana picha zilitoka huko, na Mlima Meru ulikuwa umekaa katikati kama mtu mnene aliyekaa mbele yako mkutanoni. Kwa hiyo mlingoti ulipaswa kuwa mrefu, na wa kuuzungusha awe na moyo.

Mteja wangu, mkulima wa kahawa huko mlimani, alikaa sebuleni akinielekeza kupitia dirishani. "Bado. Bado. Rudisha kidogo. Hapo hapo, usiguse." Nikafurahi, nikarudi nyuma hatua moja niitazame kazi yangu vizuri. Bati lilikuwa limeisha.

Walisema nilidondokea kwenye mibuni, na kwamba neno langu la kwanza lilikuwa kuuliza nani anaongoza. Mimi sikumbuki. Hospitalini walinishona nyuma ya sikio, wakanilaza siku chache, wakaniambia nina bahati, fuvu halikupasuka. Nilirudi nyumbani kwetu Moshono nikiwa na bandeji kubwa iliyozungushwa kichwani, na majirani walipokuja kunipa pole niliwachekesha mpaka wakasahau kilichowaleta. Kila mtu akasema, huyu mzima kabisa.

Shida zilikuja baadaye, na zilikuja zimevaa nguo za tabia mbaya.

Kwanza usingizi. Usiku ulinikimbia, mchana ukaniingia bila hodi. Nililala nimeshika kikombe. Nililala mteja akinieleza ubovu wa redio yake, na nilipozinduka nikamwambia ninamwelewa kabisa. Asubuhi moja nilisinzia juu ya kile chuma cha moto cha kuunganishia nyaya, nikaamshwa na harufu ya kola ya shati langu mwenyewe.

Jirani yangu wa kibanda alikuwa fundi cherehani, mzee wa asili ya Tanga, mtu wa swala tano na maneno mengi. Ndiye aliyeona kwamba nikiendelea kulala juu ya meza, wateja watahama. Akachukua hatua bila kuniuliza. Alishona pazia kwa mabaki ya kitambaa cha sare za shule, akalitundika mbele ya kibanda changu, na kila nikilala alilishusha. Mteja akija, humwambia, "Fundi amekwenda kuswali."

Hakuwa na nia mbaya. Kwake hiyo ilikuwa sababu ambayo mtu mwenye adabu haihoji. Tatizo ni kwamba mimi ni Mlutheri, baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, na kwa hesabu ya jirani yangu nilikuwa nikiswali kuanzia adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Mteja mmoja wa kwetu mlimani alirudi na redio ambayo haijatengenezwa, na habari iliyotengenezwa vizuri sana.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa na kazi nyingine nyumbani, ya kugeuka mtu nisiyemfahamu. Kabla ya kuanguka nilikuwa mpole kiasi kwamba hata kuku walinizoea vibaya. Sasa sauti ya kijiko kikikoroga chai ilitosha kunipandisha hasira. Na hasira ikishuka, yanakuja machozi. Nililia kwa tangazo la sabuni redioni. Nililia ng'ombe wa jirani alipozaa, na hakuwa hata ng'ombe mzuri.

Alasiri moja mke wangu aliniuliza kama animiminie chai au nitasubiri uji. Ni swali hilo tu. Nikaichukua chupa ya chai, ile yenye maua mekundu tuliyopewa siku ya harusi, nikaitupa ukutani. Mke wangu hakupiga kelele. Alifagia vigae taratibu, akaviweka kwenye ndoo, kisha akasimama mlangoni.

"Baba, ukiumwa, sema unaumwa," alisema. "Ukinichukia, sema unanichukia. Hii ya katikati mimi siijui."

Nilitaka kumjibu kiume. Nikalia.

Jumamosi iliyofuata walikuja wazee watatu wa kanisa. Mke wangu aliwaamkia, akawapa viti, akaenda kuchemsha maziwa. Waliuliza habari za migomba, habari za mvua, na mkubwa wao akakohoa.

"Mwanangu, tumesikia siku hizi unaswali sana."

"Mimi, mzee? Hata sala ya chakula nalala kabla ya amina."

Wakatazamana. "Tumeambiwa ni kila mchana, huko Ngarenaro, nyuma ya pazia," alisema wa pili.

"Na kilemba umevaa," akaongeza wa tatu. "Aliyekuona alikuona kwa macho yake."

Nilielewa yote kwa mpigo: pazia, jirani yangu, bandeji niliyokuwa bado naivaa kazini. Ilikuwa habari ya kuchekesha kuliko zote nilizosikia mwaka ule, na nikafungua mdomo nicheke. Kilichotoka ni kilio. Si cha machozi mawili; kilio cha msibani, mabega yakitikisika. Kadiri nilivyojaribu kusema "wazee, si hivyo," ndivyo nilivyozidi.

"Mwacheni," alisema mkubwa wao kwa upole. "Toba ya kweli haina maneno."

Wakapiga magoti, nami nikapiga, maana ningefanyaje? Wakaniombea mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza nilimsikia. Wa pili nilimsikia nusu. Wa tatu aliniacha nimelala juu ya magoti yangu, paji la uso likiwa kwenye kiti, na mke wangu aliniambia baadaye kwamba walinong'onezana, "Amepata amani."

Ndipo yeye alipoingia, sufuria ya maziwa mkononi. Kelele ya kuiweka mezani iliniamsha.

"Wazee wangu, mnisamehe," alisema. "Huyu hajasilimu wala hajatubu. Huyu amelala. Na kilio kile hata mwenyewe hajui kimetoka wapi. Tangu aanguke, kichwa chake hakijarudi chote. Kama mmekuja kumsaidia, nisaidieni kumpeleka hospitali. Mimi peke yangu akinikatalia simwezi."

Kisha mzee mkubwa akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Ulianguka kutoka juu kiasi gani?"

Jumatatu walinipakia kwenye pikapu ya mmoja wao. Nilibisha kwamba mimi ni mzima, nikalala njia nzima.

Daktari alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Alimwuliza mke wangu maswali mengi kuliko alivyoniuliza mimi, jambo lililonikera, kisha akaniangalia machoni kwa tochi. Alisema fuvu linaweza kubaki zima na ubongo ulio ndani ukatikisika, na ukitikisika, usingizi hupotea njia, na ile breki inayozuia hasira na machozi hulegea. "Si uchawi," alisema, "wala si tabia. Ni jeraha, ila halionekani."

"Kwa hiyo hanichukii?" mke wangu akauliza.

"Hilo muulize mwenyewe. Mimi napima kichwa tu."

Nikamwambia simchukii, na bila shaka nikalia. Mke wangu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nianguke.

Dawa ilikuwa kidogo na masharti yalikuwa mengi. Nilale na kuamka kwa saa zilezile. Nipumzike mchana kwa kupanga, si kwa kuvamiwa. Nisipande juu ya nyumba ya mtu. Hasira ikianza kupanda, niondoke nilipo. Jirani yangu wa cherehani alipoelezwa aliona haya sana, akaanza kuwaambia wateja kwamba fundi anauguza kichwa, warudi jioni. Walirudi, na wengine na ndizi.

Sikupona kama mtu anayepona malaria. Usingizi ulirudi kwa kusitasita, na machozi hayajaniacha mpaka leo. Hasira nilijifunza kuitoa nje. Nikihisi inakuja, nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye migomba na kuikaripia mmoja mmoja. Migomba yetu ilitukanwa kuliko yote ya Moshono, na ilizaa vizuri tu.

Siku moja mke wangu aliniuliza huwa naiambia nini. Nikamwambia, bila kuficha. Akafikiri kidogo, akasema baadhi ya maneno hayo angependa kuyaazima. Kesho yake nilimsikia huko nyuma akiukaripia mgomba kwa sauti nzito, na kwa adabu sikuuliza mgomba ule ulikuwa nani.