Jina Langu Lilifichwa Vizuri Sana

Mtafiti alituheshimu sana. Niliseme hilo kwanza, wasije wakadai nina roho mbaya. Alitoka chuoni Dar es Salaam na fomu zake, akakaa nasi Mwakitolyo miezi miwili kuwachunguza wanawake walio katika mazingira hatarishi. Hao ndio sisi tunaokaa juani kuponda magwangala, mawe ambayo mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ameshayakataa, tukitafuta chembe ya dhahabu iliyompita. Hata Kisukuma alijifunza. "Mwangaluka," alitusalimia, salamu ya asubuhi, mpaka saa kumi jioni. Tukaitikia. Hatukutaka kumvunja moyo.

Kabla ya kunihoji alinisomea fomu. Jina langu halitatajwa popote. Nikasaini mwenyewe, nimemaliza kidato cha nne, dole gumba langu halihitaji wino. Kisha akampakata mmoja wa mapacha wangu, mimi nikamnyonyesha mwingine, na mgongo wangu ukapumzika kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Hapo ndipo nilipoharibu. Tangu nitoke shuleni hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje kitu chochote, na huyu aliuliza, halafu akasubiri jibu. Nikamwaga yote. Hata lile: kwamba likitokea jiwe zuri, ambalo kwa utaratibu wa pale lazima lirudishwe kwa mwenye duara, mimi hulisukuma ndani ya mbeleko, chini ya matako ya mwanangu, nikatoka nalo. Mlinzi hapekui mtoto aliyejikojolea. Mtafiti akacheka, akaandika.

Miezi ikapita, akarudi kutoa mrejesho. Ofisi ya kijiji ilijaa. Mwenye duara akakalishwa mbele, karibu na soda. Mtafiti akasoma kwa sauti nzuri: mama mmoja, ambaye jina lake limehifadhiwa, anayelea mapacha huku akiponda mawe, huficha mawe kwenye mbeleko kama mbinu ya kujikimu.

Mwenye mapacha pale kwenye magwangala ni mimi peke yangu.

Vichwa vikageuka. Jirani yangu akaninong'oneza, "Usimwangalie mwenye duara. Mwangalie mtoto."

Mwenye duara alimaliza soda yake taratibu, akaomba nafasi. "Tunashukuru kwa utafiti," alisema. "Huyo mama asiyejulikana, mnisalimie. Ana akili sana."

Watu wakacheka. Mtafiti naye akacheka, akijua mrejesho umepokelewa.

Kesho yake mlinzi alinisimamisha kabla sijayafikia mawe. "Mama Pacha, agizo limetoka. Wewe uje kazini. Mbeleko ibaki nyumbani."

"Na waliomo ndani ya mbeleko?"

"Hao sijaambiwa habari zao."

Wana miezi saba, wananyonya. Mama yangu yuko hospitali ya Kolandoto anauguza mgonjwa. Baba yao yuko Geita, anachimba dhahabu. Kila akipiga simu, amebakiza mita chache tu aufikie mwamba. Kwa hiyo nikarudi nyumbani na mbeleko yangu, na nyundo.

Nikampigia mtafiti. Alisikitika kweli, nilisikia pumzi yake. "Pole sana, dada. Lakini jina lako sikulitaja. Hata kwenye daftari nilikupa la bandia."

"Jina langu la shuleni? Hilo hapa analijua nani? Hata mlinzi halijui. Ungelitaja hilo ukawaacha mapacha, sasa hivi ningekuwa kazini."

Akajibu kwa upole ule ule wa siku zote: "Hili ni jambo muhimu sana. Naweza kuja tuzungumze jinsi lilivyokuathiri?"

Nikamwambia aje, karibu sana. Safari hii awashike mapacha wote wawili, tangu asubuhi mpaka jioni, nyumbani kwangu, mimi nikiwa kwenye mawe bila mbeleko, kama agizo linavyotaka. Mkono ukibaki huru, aandike.

Alisema ni wazo zuri. Anaomba kibali chuoni.