Nesi Aliyegeuzwa Fimbo
Juzi, nikisubiri zamu yangu kwenye zahanati moja hapa Chikongola, nilimwona binti wa miaka minne akijiziba mdomo kwa viganja viwili. Alikuwa ameng'ata korosho mbichi, mafuta ya ganda yakamchoma midomo. Nesi alitaka kuona kama yamefika kooni.

"Fungua, mwanangu," mama alibembeleza.

"Nesi atanichoma sindano. Wewe ulisema!"

Nesi alishusha pumzi. "Dada, siku zote mimi ni fimbo yako. Leo unataka niwe shangazi?"

Akapindua mifuko ya koti, yote mitupu. Mtoto akafungua mdomo. Koo lilikuwa salama.

Mlangoni binti akachelewa kuvaa ndala. Mama, hoi, akasema, "Vaa, au namwita yule mlinzi."

Mlinzi akatabasamu kwa uchovu. Mimi nikajiuliza: siku binti huyu akipotea sokoni, atamkimbilia nani?