Alama ya Pasi

Mume wa dada yangu simpendi, na sitaanza kumpenda kwa sababu ya mguu.

Ni dobi. Miaka nenda miaka rudi amesimama nyuma ya meza ya pasi, sigara mdomoni, akifoka. Hata mimi nilimfanyia kazi, mpaka nilipounguza shati la mteja, ncha ya pasi ikabaki imejichora mgongoni. Akalinyanyua watu wote walione. "Mkono usiosikia moto haufai kushika pasi," akasema, akanifukuza.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa hila. Tukitoka naye, kila baada ya maduka machache anasimama kutazama ndoo au vitasa, yeye asiyenunua hata sindano. Kumbe shavu la mguu lilikuwa linambana akitembea, akisimama linaachia. Akasema ni uzee. Baadaye unyayo ukawa wa baridi, vinyweleo vya muundi vikapukutika, na akilala lazima mguu mmoja uning'inie nje ya kitanda ndipo apate nafuu. Dada akamsihi aende zahanati.

"Zahanati ni ya wagonjwa," akamjibu, akawasha sigara nyingine. "Hii ni baridi ya sakafu tu."

Mwisho alikwenda, maana kidonda kilichozuka juu ya kidole gumba cha mguu kiligoma kupona na kikaanza kuwa cheusi. Tulimsindikiza mimi na dada. Muuguzi akauliza ameunguzwa na nini.

"Muulize huyu," akasema, akimnyooshea dada kidole. "Ananikanda na maji ya moto kama anachemsha maharage."

Dada akainamisha kichwa. Mimi nikainama pia, lakini kutazama kidonda. Kilikuwa na ncha, kikipanuka kuelekea kifundoni. Maji hayana ncha. Mtu huyu alikuwa akiipasha pasi, anaizungushia kitambaa, anaupasha mguu wake chini ya meza, na ngozi inaungua bila yeye kusikia.

"Shemeji," nikasema, "alama hii naijua. Nilifukuzwa nayo kazi."

Akaniangalia kama anayetaka kunifukuza mara ya pili. Muuguzi hakutusikiliza. Alikuwa akitafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, asiyapate, kisha akapima presha mkononi na kifundoni. Ya kifundoni ilikuwa chini mno.

"Baridi hii haitoki sakafuni," akasema. "Mishipa imeziba kwa mafuta na sigara, damu haifiki. Ndiyo maana husikii moto. Usiweke kitu cha moto hapa tena. Na ungechelewa kidogo, tungezungumzia mguu mzima."

Dada, ambaye maisha yake yote hajawahi kutia mkono kwenye mfuko wa mumewe, akautia. Akatoa pakiti ya sigara, akaidondosha kwenye pipa la taka.

Hospitali kuu walizibua mshipa, wakakata kidole. Mguu ukabaki, kwa masharti: sigara marufuku, vidonge kila siku, miguu ikaguliwe kila jioni, na ukibadilika ghafla kuwa baridi na mweupe, mbio hospitali. Tena atembee kila siku: ukiuma asimame, ukiachia aendelee.

Sasa pasi naishika mimi, yeye amekaa kwenye kiti akinikosoa. Dada anampikia, anampa vidonge, anamkagua miguu. Kutembea naye amekataa. "Alinisingizia mbele ya watu," aliniambia. "Atembee na aliyemuumbua."

Basi jioni natembea naye mimi, kwa kinyongo. Jana alisimama kwenye duka la ndoo.

"Mwambie dada yako," akaanza.

"Kama ni samahani, mwambie mwenyewe. Nyumbani si mbali."

Nikamtazama usoni. Maumivu yalikuwa yameshaachia kitambo, hilo nalijua sasa kuliko yeye, lakini bado alikuwa amesimama, anatazama ndoo.