Chaki ya Fundi Opiyo

Kwa miaka thelathini na minane Opiyo aliunda mitumbwi Igogo, kando ya ziwa. Kabla ya kumkabidhi mteja mtumbwi wake, aliujaza maji ukiwa bado nchi kavu, akauzunguka na chaki mkononi. Kila palipotoka tone alichora duara, kisha akapaziba kwa pamba aliyoipigilia kwa nyundo. Hakuna mtumbwi wake uliowahi kurudishwa.

Mwaka huu mmoja ulirudishwa. Ubavu mmoja mzima ulivuja, haukuwa na pamba hata kidogo.

"Fundi, pamba umeshonea godoro?" alimtania Ngosha, fundi wa jirani.

Opiyo hakucheka. Hakukumbuka hata kuugusa ubavu ule.

Binti yake, Amondi, akampeleka hospitali. Alipoambiwa atapigwa picha ya ubongo, mzee aliuliza kama watampasua kichwa.

"Hapana, baba. Unalala tu, mashine inaona ndani," alijibu Daktari Kokushubira.

Mashine ilipiga kelele kama karakana. Alipotoka Opiyo alisema, "Mafundi wenu wanagonga ovyo," na Amondi akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Daktari aliwaonyesha picha kwenye kompyuta. Madoa meupe yalikuwa yametapakaa. Alieleza kwamba presha imeharibu mishipa midogo ya damu, na seli za ubongo za sehemu hizo zimekosa damu, zimekufa.

Opiyo alisogeza kiti. Akayagusa madoa kwa kidole, moja moja, uso umechangamka.

"Kumbe panaonekana! Basi nusu ya kazi imekwisha. Mtaziba lini? Mtumbwi wa Masalu unanisubiri."

Daktari aligeuka kutoka kwenye kompyuta. "Dawa zitasaidia yasiongezeke, baba. Haya yaliyopo hayazibiki."

"Sasa mlikuwa mnayatafutia nini?"

Amondi aliinamia mkoba wake, akajifanya anatafuta kadi.

Wiki iliyofuata mtumbwi wa Masalu ulijazwa maji. Masalu alikubali Opiyo aukague kwa sharti moja, kwamba Ngosha ndiye azibe. Opiyo alitangulia na chaki, Ngosha akamfuata na pamba, safari hii bila utani. Maduara manne ya kwanza yalikuwa yamelowa.

La tano lilichorwa pakavu. Ngosha alipapapasa, akapapapasa tena, akamtazama Amondi aliyesimama kando. Kisha akachukua pamba, akapigilia na hapo.

"Umepaona?" aliuliza Opiyo.

"Nimepaona, Fundi."