Magitaa Mawili, Mgongo Mmoja

Gitaa la pili nililinunua sokoni, kwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa amelitundika katikati ya ndoo za plastiki na makoti ya mvua. Alikuwa mjanja. Aliponiona nimesimama pale kwa mara ya tatu hakutaja bei, alilishusha tu akanipa nilishike. Mtu akikupa gitaa ulishike, umekwisha.

Njiani nilitayarisha hotuba. Kwaya yetu, ningemwambia mke wangu, inakosa mikompoze, yaani gitaa lililotolewa uzi wake wa nne na kuwekwa uzi mwembamba, ili liimbe juu ya mengine. Sasa utafanyaje hivyo kwa gitaa moja, halafu jioni ulipigie nyimbo za kawaida? Hoja ilikuwa safi. Hata mimi niliiamini, kuanzia sokoni mpaka mlangoni kwetu.

Mke wangu ni mshonaji. Alinisikiliza bila kuondoa mguu kwenye mashine, akamaliza kola aliyokuwa akiishona, akakata uzi kwa meno. Kisha akasema jambo moja tu.

"Papa, mugongo yako iko moja."

Nilimwelewa mara moja, na hotuba yote ikaniishia mdomoni. Ilikuwa miaka ile ambayo redio ilisema Bunia kuna amani, na sisi tuliisikiliza hiyo redio huku viatu vyetu vikiwa vimeelekezwa mlangoni. Kila nyumba ilikuwa na mgawo wake wa mizigo ya kukimbia nayo. Kwetu, binti yetu alishika mkono wa mdogo wake. Mama yao alibeba sakoshi, ule mkoba wa makaratasi na nguo. Mimi nilibeba kichwa cha mashine ya kushona, kile chuma kilichotulisha sote, na kilitaka mikono yote miwili. Mgongo nilikuwa nimeachiwa kwa huruma, nao ulikuwa wa gitaa.

Huruma hiyo ilikuwa na historia yake. Wakati fulani huko nyuma, tulipokimbia kweli, nilifika mwisho wa avenyu nikakumbuka gitaa langu na kurudi kulichukua. Mke wangu alinisubiri kando ya njia, mtoto mgongoni, watu wote wakimpita. Hadithi hiyo nimeisimulia sana kwenye mazoezi ya kwaya, na kila mara inazidi kunoga. Katika toleo la mwisho nilikaza hata uzi uliolegea kabla ya kutoka nyumbani. Yeye, nikiianza tu, huinuka kwenda kuangalia mboga ya sombe jikoni.

Basi majuto yakaanza. Nilianza kulichukia gitaa jipya, ingawa kosa lake lilikuwa moja tu, sauti yake ilikuwa nzuri kuliko ya lile la zamani. La zamani lina tumbo lililozibwa kwa gundi, na uzi wake mmoja ni waya wa breki ya baiskeli. Asubuhi niliamua kwamba siku ikifika nitabeba la zamani, kwa kuwa tumeteseka pamoja. Jioni nilipigia jipya nyimbo mbili, nikabadili uamuzi. Nilirudi kwa yule mfanyabiashara kumwomba alichukue. Akaniambia hela zimekwenda, ila anaweza kunibadilishia kwa makoti ya mvua.

Siku moja, nyumba ikiwa tupu, nilijaribu njia ya tatu. Nilivaa gitaa moja mgongoni na jingine kifuani, nikainama nikanyanyua kichwa cha mashine, nikaenda mlangoni kwa haraka kama mtu anayekimbia. Nilikwama. Mbele sikupita na nyuma sikurudi, na binti yetu akanikuta hapo akitoka shuleni. Hakuniuliza kitu, mtoto mwenye adabu. Alikwenda kumsimulia mama yake yote, tena kwa vitendo.

Halafu ikaja ile alasiri. Mashine ilikuwa nje barazani kwa sababu ya mwanga, nami nilikuwa naitia mafuta, mlipuko uliposikika upande wa barabara kubwa, na wa pili ukafuata. Hakuna aliyeuliza. Avenyu nzima iliondoka kwa pamoja. Niling'oa kichwa cha mashine kutoka mezani, nikaona binti yetu ameshamshika mdogo wake na mama yao ameingia ndani kuchukua mzigo wake, nikakimbia nyuma ya watoto. Nyumbani sikuingia kabisa, na nilipofika nyuma ya ukuta wa kanisa, mahali tulipopatana kukutana, nilijiona mwanamume wa maana.

Hali hiyo haikudumu. Niliiweka mashine chini, na papo hapo nikaona misumari miwili ya ukutani kwetu na magitaa yangu yakining'inia pale, yakisubiri watu wabaya. Mke wangu alifika akihema. Nikamwambia narudi kidogo tu, nimesahau makaratasi. Makaratasi hukaa kwenye sakoshi, na sakoshi ni mzigo wake. Uongo mbovu kuliko huo sijawahi kuutunga.

Aligeuka akanionyesha mgongo. Alikuwa ameyafunga magitaa yote mawili kwa kitenge, la zamani na jipya, vichwa vikichungulia juu ya mabega yake.

Nikauliza sakoshi iko wapi.

"Niliiacha," alisema. "Sakoshi hautairudilia. Hizi, ungerudilia, na siye tukungoje tena."

Niliona aibu, kwa sababu mguu wangu mmoja tayari ulikuwa umeelekea nyumbani. Na nilijiogopa pia, kuliko nilivyoogopa ile milipuko.

Baada ya muda akaja mtu wa pikipiki akicheka mpaka anashika tumbo. Lori la mbao kutoka Mambasa lilikuwa limepasua magurudumu mawili. Ndipo tukaanza kuangaliana, kila mtu na alichookoa. Jirani mmoja alikuwa na samaki wa chumvi wa Tchomia, na kufuli la mlango ambao hakuufunga. Shemasi wetu, aliyewahi kuhubiri kwamba gitaa huleta dunia ndani ya kanisa, alikuwa amekumbatia bidoni iliyojaa lotoko. Alieleza kwamba hiyo pombe ni ya kuchulia miguu. Tulimkubalia, tukamuuliza kama miguu yake hunywa asubuhi au jioni. Na mke wangu, kwa mzigo ule wa mgongoni, akaitwa Mama Mapasa, mama wa mapacha, na anaitwa hivyo mpaka leo.

Wiki ile nililipeleka gitaa la zamani kanisani, likawa la kwaya, nikabaki na moja. Nilidhani mke wangu atafurahi. Aliniuliza tu kama kanisa haliko kwenye njia ya kukimbilia. Nikasema liko, lakini sitaingia. Akabadilisha mgawo wa mizigo.

Sakoshi sasa ni ya binti yetu. Mimi nina mashine mikononi na gitaa mgongoni. Mama yao hana mzigo wowote. Kazi yake ni kushika shati langu kwa nyuma, asiliachie mpaka tufike.